Trekta Ilipofunguliwa

Wodi ya Wanaume, Hospitali, Kitale
22 Januari 1951

Mpendwa Mama Nakhungu,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini wewe, Nakhungu na huyo mdogo hamjambo. Mimi ni mzima, ila naandika nikiwa kitandani, kwa hiyo usishangae kuona mistari imepinda.

Sahani ya klachi ya trekta niliipata. Nilikuwa nimeibana kwapani, natafuta lori la kurudi Kimilili, nikawakuta watu nyuma ya duka moja wanasukuma trela la magunia ya mahindi. Nikasema niwasaidie kidogo. Gogo lililozuia gurudumu likaponyoka, trela likarudi nyuma, mguu wangu ukabanwa ukutani. Umeumia kidogo. Daktari anauangalia, na chakula cha hapa si kibaya. Sahani haikupata hata mkwaruzo. Muuguzi aliniruhusu niiweke chini ya kitanda.

Sasa sikiliza. Nitakaa hapa wiki kadhaa. Usije kunitazama, kuna surua kwenye wodi ya watoto, na mtoto wetu bado mchanga mno. Sahani naituma kwa Kang'ethe, yule rafiki yangu wa jeshini anayepeleka mahindi stesheni ya Bungoma. Iweke juu ya kabati. Mtu asiiguse kwa mikono yenye mafuta, maana ikilowa mafuta imekufa.

Mwambie binamu yangu Bramwel ajiandae. Alipaka grisi matrekta ya Wazungu miaka mingi, kazi hii ataiweza nikimwandikia jinsi ya kufanya. Lakini imalizike kabla ya mvua ya Machi. Trekta hii tuliinunua mimi na kaka yangu Wekoye, na unajua alivyosema: isipotembea msimu huu, anamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, halafu anarudisha maksai shambani. Mwaka jana nilimwomba avumilie, akavumilia. Sina uso wa kumwomba tena.

Mume wako,
Eliakim

*

Kimilili
27 Januari 1951

Mpendwa Baba Nakhungu,

Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kuchanika. Umeumia kidogo ni kiasi gani? Ni mguu gani? Umevunjika au umechubuka? Ungekuwa umechubuka tu wasingekuweka wiki kadhaa. Nijibu.

Sahani imefika ikiwa imefungwa kwa gazeti. Niliifungua. Usikasirike, niliosha mikono kwanza. Nilitegemea kuona kitu kizito cha kutisha, kumbe ni bamba la mviringo, jembamba, limevalishwa kitambaa kigumu pande zote mbili, na katikati lina tundu lenye meno kwa ndani. Nakhungu ameomba aipikie chapati. Nimeiweka juu ya kabati.

Bramwel ana maswali. Anauliza hivi: injini inanguruma, gia inaingia, mbona magurudumu hayaendi? Nguvu yote ile inapotelea wapi? Anauliza tena, inakuwaje kitu kinachovuta plau kwenye udongo wetu huu mzito kiwe chembamba namna hii? Yale meno yanashika nini? Na ukikanyaga pedali, mle ndani kunatokea nini hasa? Kuna kitu kinakatika au vinaachana tu?

Anasema hataki kushika spana kabla hajaelewa.

Mkeo,
Cheptoo

*

Kimilili
27 Januari 1951

Shemeji Kang'ethe,

Karatasi hii ni yako peke yako, ile ya kwenye bahasha ndiyo ya mume wangu.

Bramwel hayupo. Kabla ya Krismasi alikwenda Naitiri, akapata kazi kwa Mzungu, na mkewe anasema harudi mpaka mavuno. Maswali niliyoandika ni yangu. Trekta nitaifungua mimi. Tangu waliponunua hiyo mashine, anayemshikia Baba Nakhungu taa na kumpa spana ni mimi. Najua spana ipi inaingia wapi. Kisichonieleweka ni huko ndani tu, kwa sababu hajawahi kufika huko nikiwa karibu.

Tafadhali usimwambie. Akijua ni mke wake anayelala chini ya chuma kile, atatoroka hospitalini akichechemea. Na Wekoye akijua hakuna Bramwel, mnunuzi wa vyuma atakuwa hapa kesho yake.

Wasalimie mkeo Wacera na watoto.

Cheptoo

*

Kitale
3 Februari 1951

Ndugu yangu Kang'ethe,

Naiacha hii kwa muuguzi akupe utakapopita. Ameniambia ulikuja Alhamisi ukanikuta sijitambui, kwa hiyo umeona mwenyewe. Mguu wa kushoto haupo. Kidonda kiligeuka kibaya, daktari akaniambia nichague, mguu au roho. Wameukata chini ya goti.

Usimwambie mke wangu. Ananyonyesha, na nikimjua vizuri ataacha kila kitu aje hapa na mtoto mgongoni, na trekta ichukuliwe.

Tena kuna jambo jingine. Klachi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto. Nalala hapa nawaza hilo tu. Tulipoendesha malori jeshini, wewe na mimi, mguu huo ulikuwa unajua kazi kuliko kichwa changu. Sasa nafundisha watu watengeneze pedali ambayo sitaikanyaga. Nisaidie nimalize kwanza, halafu nitatafuta maneno ya kumwambia.

Maswali yake yalinifikia siku ambayo sikutaka kusema na mtu. Nikajikuta naomba kalamu.

Eliakim

*

Kitale
3 Februari 1951

Mpendwa Mama Nakhungu,

Mguu ni wa kushoto. Umefungwa bendeji nzuri, unaendelea. Usijali.

Mjibu Bramwel hivi. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma linalozunguka wakati wote injini ikiwaka. Giaboksi haikufungwa kwenye gurudumu hilo kwa boliti wala kwa mnyororo. Kati yao kuna sahani hii tu. Springi kali zinaigandamiza sahani kwenye gurudumu, vinazunguka pamoja, na yale meno ya katikati yanazungusha shafti inayoingia kwenye giaboksi. Ukikanyaga pedali, unazivuta springi nyuma, sahani inapumua, inasimama hata kama gurudumu linaendelea kuzunguka. Hakuna kinachokatika. Vinaachana, vinarudiana, siku nzima. Sahani yetu kitambaa kimeisha, basi gurudumu linazunguka na yenyewe inateleza. Nguvu yote inageuka joto. Ile harufu ya kuungua uliyokuwa ukilalamikia kwenye nguo zangu ndiyo hiyo.

Ama kuhusu wembamba, mimi pia sijui. Sikuwahi kujiuliza. Mwambie amenishinda.

Sasa kazi. Klachi haina mlango wa kuifikia. Trekta lazima itenganishwe kiunoni. Aipeleke mahali tambarare, aweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu makubwa. Kisha, na hili asilisahau, apigilie kabari za mti kati ya ekseli ya mbele na injini, kushoto na kulia. Ekseli ile inacheza, na bila kabari injini ikishaachana na nyuma italala upande na kumwangukia mtu. Chini ya giaboksi apange magogo mpaka yabebe uzito. Afungue bomba la mafuta na mkono wa usukani, halafu boliti zote za kiunoni. Sehemu ya mbele wataisukuma kwa magurudumu yake yenyewe, polepole, mpaka mtu aweze kusimama katikati.

Hapo ataona kifuniko cha klachi. Boliti zake alegeze hii kidogo, kisha inayoielekea kidogo, akizunguka hivyo hivyo, kwa sababu springi zinasukuma. Atoe sahani ya zamani, aweke mpya. Achonge kijiti cha mpera kinachoingia sawasawa kwenye tundu ili sahani ikae katikati wakati anakaza. Warudishe nusu mbili pamoja bila kulazimisha kwa boliti. Zikikataa, azungushe hendeli ya injini kidogo mpaka meno yaingie yenyewe.

Muuguzi anataka kalamu yake. Nawapenda wote.

Eliakim

*

Kimilili
15 Februari 1951

Mpendwa Baba Nakhungu,

Trekta ilifunguka! Nilisimama katikati yake, kwenye nafasi ambayo sikujua ipo. Upande huu gurudumu zito, jeusi, limechorwa duara na duara kama maji yaliyotupiwa jiwe. Upande ule shafti imetoka nje peke yake kama kidole. Miaka yote nimepita kando ya mashine hii nikienda kisimani, na mambo yote haya yalikuwa humo.

Kijiti cha mpera nilichonga vizuri sana, yaani Bramwel alichonga. Sahani ya zamani ilikuwa imebaki chuma kitupu, misumari yake ndiyo iliyokuwa ikichora zile duara. Tumeweka mpya, tumekaza kidogo kidogo kama ulivyosema. Nusu mbili zilikataa kuingiana, hendeli ikazungushwa, zikaingia kwa sauti moja tamu, tuk.

Lakini haikufaa. Injini imewaka vizuri, ila ukikanyaga pedali mpaka chini gia inakataa, inalia kama mbuzi. Ilipolazimishwa ikaingia, trekta ikaruka mbele na pedali bado imekanyagwa. Haikusimama mpaka injini ilipozimwa, na wakati huo banda la kuku lilikuwa limeshalala chini. Kuku wako wazima. Mmoja tu ndiye bado haonekani.

Kaka Wekoye alikuwa amesimama uani. Alicheka, halafu akalizunguka banda lililoanguka. Akaniambia, "Mama Nakhungu, mambo ya chuma haya yametushinda. Nampelekea yule mnunuzi wa vyuma wa Bungoma habari, aje Machi."

Zamani sahani ilikuwa haishiki. Sasa haiachi. Kwa nini? Tulikosea wapi? Bramwel halali.

Na mguu? Unaendelea, unaendelea. Unaendelea vipi?

Cheptoo

*

Kitale
19 Februari 1951

Mpendwa Mama Nakhungu,

Kaa chini kwanza. Sahani ile haifanani pande zote mbili. Katikati, penye meno, upande mmoja umetokeza zaidi. Palipotokeza panatakiwa paelekee nyuma, kwenye giaboksi. Ukigeuza, panagusa gurudumu la injini na sahani haiwezi kuachia hata ukanyage kwa miguu yote miwili. Naamini mmeiweka imegeuka.

Mlioifunga hamna lawama. Nimejaribu kukumbuka nilivyoandika, na nilidhani hilo nimeliandika. Sikuliandika. Kazi yote irudiwe tangu mwanzo, na mwezi ndio huo unaisha. Nisamehe.

Mguu unaendelea.

Halafu nina neno kuhusu Bramwel. Yule ninayemjua mimi, tuliyechunga naye ng'ombe, hajawahi kuuliza hata njia. Akipotea anapotea kimya. Huyu wa sasa, anayetaka kujua meno yanashika nini na anayechonga mpera vizuri sana, sijui mmemtoa wapi. Mwambie awe mwangalifu na zile kabari. Mwambie nampenda kuliko yule mwingine.

Eliakim

*

Kimilili
24 Februari 1951

Shemeji Kang'ethe,

Mume wangu ameshajua kuwa Bramwel ni mimi, na Wekoye aliniona mwenyewe siku ya banda la kuku, kwa hiyo siri yangu umeitua. Sasa nataka ile nyingine.

Baba Nakhungu si mtu wa kuacha jambo katikati. Huyu ni mtu aliyeniandikia niikinge sahani na mikono yenye mafuta. Hawezi kusahau kuniambia sahani inaelekea wapi. Nimeitoa ile barua ndefu ya klachi nikaitazama upya, si maneno, mwandiko. Inaanza kwa mkono wake na inaishia kwa mkono wa mzee. Alikuwa mgonjwa sana siku ile. Kila nikiuliza habari za mguu ananiambia unaendelea. Unaendelea kwenda wapi?

Wewe unamwona kila wiki. Ukifika hapa unaniangalia usoni ukiwa unapakua mizigo, halafu unaangalia kando. Niambie, shemeji. Nitasimama.

Cheptoo

*

Kitale
26 Februari 1951

Shemeji,

Mimi ni mtu wa magunia, si mtu wa siri. Nikitoka kwako nimebeba ya kwako, nikitoka kwake nimebeba ya kwake, mpaka lori naona kama imezidi uzito. Leo natua.

Mguu wa kushoto haiko. Walikata kuanzia hapa chini ya goti, karibu na mwisho wa mwezi wa kwanza. Ilikuwa imeoza. Hakukuwa na njia ingine, mimi niliongea na daktari mwenyewe. Ile barua ya klachi aliandika bado ako na homa mbaya. Muuguzi ananyang'anya kalamu, yeye anarudisha. Anamwambia, "Sister, ngoja, injini itamwangukia mtu." Nilikuta hiyo maneno wodi nzima wanaisema kwa mzaha.

Sasa hana homa. Anakula. Anatembea na magongo mpaka dirishani. Lakini akisikia trekta inapita barabarani anageukia ukuta.

Hiyo surua ilikuwako kweli, hukudanganywa, lakini imeisha.

Jumatano napita hapo kwenu asubuhi. Mbele kuna nafasi. Wacera wangu atakaa na mtoto nyumbani kwetu wewe ukiwa hospitalini. Kama hutaki kuongea njiani, mimi pia nitanyamaza.

Kang'ethe

*

Kitale
5 Machi 1951

Mpendwa Cheptoo,

Tangu uondoke, wodi nzima inaniuliza yule mwanamke aliyenikaripia halafu akaninawisha uso alikuwa nani. Nawaambia ni fundi wangu.

Nimeirudia siku ile kichwani kila saa. Uliposimama mlangoni nilivuta blanketi. Ukasema, "Liache. Nataka kuona." Ukatazama. Nikangoja ulie, kwa sababu mama alivyolia kwenye msiba wa baba ndivyo nilivyodhani wanawake wote hulia. Ukauliza, "Unaumwa wapi?"

Nikasema, "Kidole gumba cha mguu."

"Kipi?"

"Kile ambacho hakipo."

Ukavuta kiti, ukataka kujua inawezekanaje. Kinauma kama kimekanyagwa au kama kimeungua? Kinauma usiku kuliko mchana? Nikilikuna gongo, kidole kinasikia? Watu wamekuja hapa na uji na maombi, nawashukuru, lakini hakuna aliyeniuliza hayo. Nilipokuwa nakujibu ndipo nikalia mimi. Ulilia baadaye, kwenye lori, Kang'ethe ameniambia. Hatanyamaza tena maishani mwake, huyo.

Nilikuuliza trekta itaendeshwa na nani sasa. Ukanionyesha mikono yako, grisi imejaa kwenye kucha, ukasema, "Kwanza sahani iachie. Dereva tutamtafuta mashine ikiwa hai." Nimelala na maneno hayo.

Basi, mara hii hatua zote. Ukishafungua, futa gurudumu zito kwa petroli na kitambaa safi, lisibaki hata alama ya kidole. Palipotokeza pa sahani paelekee kwako ukiwa umesimama nyuma ukitazama injini. Kabla hujafunga, ingiza kijiti, kitoe, kiingize tena, kipite bila kugusa. Ukimaliza, rekebisha ule mkono wa pedali hadi pedali icheze upana wa vidole viwili kabla ya kuanza kubana. Vidole vyako, si vyangu. Ni wewe utakayekanyaga.

Na usifanye peke yako. Nakuomba.

Eliakim

*

Kimilili
20 Machi 1951

Mpendwa Baba Nakhungu,

Naandika kabla matope hayajanikauka mikononi, utaona alama.

Ijumaa niliifungua tena. Jirani yetu Mama Simiyu na mkwe wake walinisaidia kusukuma, na kabari nilizipigilia mimi mwenyewe nikazikagua mara nyingi. Tumemaliza kuitenganisha tu, hata gurudumu sijafuta, nasikia lori mlangoni. Mnunuzi wa vyuma. Kaka Wekoye alitoka kumpokea, amevaa koti lake la kanisani.

Mtu yule akaizunguka trekta. Nusu huku, nusu kule, mimi katikati na kitambaa cha petroli. Akacheka kwa furaha, akampiga kaka yako begani. "Aa, mzee, asante! Mmeshanikatia kabisa. Niite vijana wapakie?"

Nilimtazama Wekoye. Sijui ni kile kicheko au ni lile bega. Akauondoa mkono wa yule mtu begani. Halafu akasema, "Haijakatwa. Inatengenezwa."

"Na nani?"

"Na shemeji yangu. Huyo hapo."

Mtu akasema yeye ametoka mbali. Wekoye akamwambia kuna chai, anywe, arudi kwao salama. Akavua koti, akalitundika kwenye usukani, akaniuliza, "Nishike wapi?" Nikamwonyesha.

Tulipoigeuza sahani na kurudisha nusu mbili pamoja alikuwa anasukuma na macho kayafumba. Zikaingia. Nikapanda mimi. Pedali nzito, lazima nisimame kidogo niikanyage yote. Gia ikaingia kimya, kama kijiko kwenye uji. Halafu nikaanza kuachia. Hilo hukuniandikia, nadhani haliandikiki. Kuna mahali katikati ambapo mashine bado haijaondoka lakini imeshakusikia, inatetemeka chini ya unyayo, nawe ndiye unayeamua. Nikakaa hapo muda mrefu. Wekoye akadhani imekwama.

Shamba la baba limelimwa lote. Mistari yangu imepinda, usije ukacheka. Nilisimama kila kona kumnyonyesha mtoto, na kila nikipanda tena kaka yako alinishikia mtoto. Jana mvua ilinyesha. Tumeshapanda upande wa kisima.

Njoo nyumbani. Niliogopa kukuandikia hivi, kwamba utasikia uchungu mimi kukaa pale. Kama unasikia, niambie. Mimi nimesikia uchungu na raha pamoja, sitakuficha.

Cheptoo

*

Kimilili
24 Juni 1951

Mpendwa Cheptoo,

Nakhungu hajambo, mahindi yamenifika kifuani, na kaka anajifunza kuendesha. Klachi anaiachia kama mtu aliyekanyaga nyoka. Nakaa kwenye kigoda changu kando ya shamba na kumpigia kelele, naye ananijibu vibaya. Tunafurahi sana.

Tulikubaliana kuambiana yote, basi sikiliza. Jumanne niliteleza kwenye matope nikienda chooni, nikaangukia kiwiko. Kimevimba, kinapungua. Niliogopa kwa muda kwamba nitalala pale mpaka mtu apite, halafu nikaamka mwenyewe. Yule wa Kitale anayechonga miguu ya mti ameniita nikapimwe mwezi ujao. Jumapili iliyopita, wakati watu wako kanisani, nilipanda kwenye trekta nikajaribu kusukuma pedali kwa gongo. Ilishuka nusu, gongo likateleza. Niliona wivu nilipokuona ukiiendesha, niliuona siku nyingi, sikukuambia. Unapungua kama kiwiko. Siku nyingine unavimba tena.

Sasa kuhusu hiyo mashine ya kusagia mahindi ya dada yangu Bilha. Ulituambia unakwenda Kabuchai kuitazama tu, urudi kesho yake. Leo Kang'ethe amepita, anasema watu wa Kabuchai wanabeba mahindi yao mpaka Bungoma kusaga, Bilha anakupikia kuku kila siku ili usiondoke, na mtoto wetu amezoea mgongo wake kuliko wako. Anasema umeivua injini yote, umepanga vipande kwenye mkeka kwa utaratibu wako, na mtu yeyote asikaribie. Nikamuuliza, "Tatizo ni nini?" Akasema yeye ni mtu wa magunia.

Mimi injini ya namna hiyo sijawahi kuiona ikiwa wazi. Jeshini tulikuwa nazo, lakini waliozifungua walikuwa watu wengine, sisi tulifukuzwa. Ina silinda moja kweli? Lile gurudumu kubwa la nje linasaidia nini? Inawakaje bila plagi? Na imekataa kwa sababu gani, imechoka au kuna kitu kimeingia?

Chora kama maneno hayatoshi. Usiifunge kabla hujaniambia umekuta nini ndani.

Mume wako,
Eliakim